Kabla ya miwani ya angani, tengeni vyumba viwili

Mhariri,

Tupe nafasi tuseme neno kuhusu masomo ya anga za juu katika shule zetu. Tangu setilaiti ya Kenya, Taifa-1, irushwe Aprili 2023, hamu imepanda. Bodi za shule zinataka miwani ya uhalisia pepe, wafadhili wanataka kupigwa picha wakikabidhi kuba la kupuliza la kuonyeshea nyota, na wazazi wanaambiwa mtoto ataifika Mirihi bila kutoka darasani. Hamu hiyo ni njema. Tunachopinga ni pesa kutangulia kwenye vitu vya kutazamwa, huku kazi ya mikono ikikosa hata karatasi ya manila.

Tuanze na hesabu ya miwani. Darasa lina wanafunzi 40, miwani ni 4. Kila mmoja akiivaa dakika 8, na kupokezana, kukaza mikanda na kurekebisha lenzi kukachukua dakika 4, mzunguko mmoja ni dakika 12, na mizunguko ni 10. Hizo ni saa mbili, sawa na vipindi vitatu vya dakika 40, na kila mtoto ameshughulika dakika 8 tu. Dakika 112 amekaa akimtazama mwenzake akipapasa hewa. Betri nazo nyingi hazivuki saa mbili au tatu. Wako watakaopata kichefuchefu, kwa sababu macho yanasema mwili unasafiri na sikio la ndani linasema umetulia. Na lenzi zinaharibiwa na spiriti, ambayo ndiyo ya kwanza kushikwa mtu akiona jasho la watoto 40. Zipanguswe kwa kitambaa laini kikavu. Miwani ina kazi yake: hakuna chombo kinachomwonyesha mtoto ukubwa wa vitu angani vizuri kuliko hicho. Lakini hilo ni somo la dakika 8. Kuba la kupuliza nalo linategemea feni isiyozimika. Stima ikipotea, kitambaa kinawashukia watoto vichwani, na joto la Pwani halina huruma na hema lisilo na dirisha.

Wako waliolifikiria jambo hili mapema. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kiliangamia na watu 7, mmoja wao mwalimu, Christa McAuliffe. Familia zao zilichagua kumbukumbu ya aina yake: vituo ambavyo watoto wanaendesha safari ya mfano wenyewe. Cha kwanza kilifunguliwa Houston mwaka 1988. Darasa linagawanywa, nusu chumba cha uongozi ardhini, nusu chomboni, na katikati ya safari wanabadilishana. Ondoa taa na mapambo yote, utabaki na vyumba viwili, ukuta, na njia moja ya sauti kati yao. Hivyo shule yoyote inavyo.

Mpangilio unaofaa darasa la 40 ni huu. Kila chumba kina watu 20: vituo sita vya watu watatu watatu, kiongozi mmoja na mwandishi wa kumbukumbu mmoja. Vituo ni njia, umeme, hewa, afya, uchunguzi na mawasiliano. Wa umeme chomboni ana mwenzake wa umeme ardhini, ila hawasemezani; kila neno linapita kwenye meza ya mawasiliano, na pale anasema mtu mmoja tu. Muda ni vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80: maelekezo 10, safari 25, kubadilishana vyumba 5, safari ya pili 25, mjadala 15. Ukipewa kipindi kimoja, gawa kazi hiyo kwa wiki mbili. Usiikaze yote ndani ya dakika 40, maana kitakachokatwa ni mjadala, na mjadala ndio somo lenyewe.

Kwa sauti, intakomu ya mlangoni ya nyaya mbili inatosha, au simu mbili zilizopigiana na kuachwa wazi. Msemaji atumie visikizi vya masikioni. Spika ikiachwa wazi chumba kizima kinajibu kwa pamoja, na vyumba vikiwa jirani sauti inapita ukutani na ule umbali wote wa angani unakufa. Madirisha yanayotazamana yafunikwe kwa magazeti, likiwemo lako, Mhariri, ukituruhusu.

Sasa njia yenyewe. Hatuna haja ya kuazima safari ya mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ikaitwa Uhuru. Chombo kikiwa kwenye mzingo (njia ya kuizunguka dunia) unaofanana na wake, kilomita 550 hivi juu ya ikweta, kinamaliza mzunguko kwa dakika 96, lakini kwa kuwa dunia nayo inazunguka kuelekea mashariki, kinarudi juu ya Malindi baada ya dakika 102 hivi. Gawanya kwa 4 upate dakika 25 na nusu. Mzunguko mmoja unaingia karibu kamili katika safari ya darasani, dakika moja ya saa ya ukutani ikiwa dakika nne za angani.

Kata ukanda wa manila wenye urefu wa sentimita 72. Hiyo ndiyo ikweta nzima, kila sentimita moja digrii 5. Mwisho wa kushoto uandike digrii 17 mashariki. Weka alama ya Malindi (digrii 40 mashariki) kwenye sentimita 4.6, Singapore (104 mashariki) kwenye 17.4, na Kourou ya Guyana ya Ufaransa (53 magharibi) kwenye 58. Kwenye kimo hicho kituo cha ardhini kinakiona chombo kikiwa ndani ya digrii 23 kila upande, kwa hiyo paka rangi ya kijani sentimita 4.6 kushoto na 4.6 kulia ya kila alama. Kisha paka nyeusi kuanzia sentimita 25 hadi 50. Hicho ndicho kivuli cha dunia, iwapo safari imeanza adhuhuri ya Malindi. Bana kibanio cha nguo kwenye ncha ya kushoto na ukisogeze sentimita 2.8 kila dakika. Kibanio kikiwa ndani ya kijani, njia ya sauti inafunguliwa. Kikitoka, mwalimu anaifunga hata kama mtu yuko katikati ya sentensi.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, na ni kosa zuri. Wa njia huchoka na nukta nane ya sentimita, wakaanza kuruka sentimita 3 kwa dakika. Makosa ya milimita 2 yanajumlishwa hadi kibanio kinakuwa mbele karibu sentimita 4 kinapofika Kourou, na ardhini wanaita kwenye njia iliyofungwa bila kuelewa kwa nini. Usiwasahihishe. Chumba cha pili kina ukanda wake. Tofauti itaonekana kwenye mjadala.

Ukitazama ukanda utaona sauti ipo dakika ya 0 hadi 3, ya 5 hadi 8, kisha kimya mpaka ya 19, halafu dakika tatu za Kourou. Kimya hicho kinawatisha walimu wengi wanaodhani walio ardhini watakaa bure. Hawakai. Wana dakika 11 za kuandaa maagizo yatakayosomwa ndani ya dakika 3, na maagizo marefu kuliko muda ndiyo yanayowaangusha.

Kituo cha umeme kinahitaji betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya kengele za wezi, fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na ncha chanya, taa tatu za LED za wati 5 za volti 12, feni ndogo ya wati 6, na swichi nne. Vyote vikiwaka ni wati 21, karibu ampea 1.75. Sheria ya safari: kwenye kivuli mkondo usizidi ampea 1. Maana yake wabakize vifaa viwili, na lazima waamue vipi, huku wa hewa wakidai feni na wa uchunguzi wakidai taa. Kinachoharibika hapa ni maltimita, mita ya kupimia umeme. Mtoto akiiacha kwenye ampea kisha akagusisha nyaya zake kwenye ncha mbili za betri, fyuzi ya ndani ya mita inaungua papo hapo. Mwalimu aiweke kwenye ampea, aiunge ndani ya mkondo, kisha abandike selotepu juu ya kitufe ili kisizungushwe. Akiba ya fyuzi mbili iwe mfukoni.

Kituo cha hewa ndicho tunachokipenda kuliko vyote kwa sababu vifaa vyake vimejaa Pwani. Mtu mmoja hutoa karibu kilo 1 ya kabonidayoksaidi kwa siku. Vyombo vya Apollo, vilivyowapeleka Wamarekani Mwezini, viliinasa kwa lithiamu haidroksaidi. Sisi tuna chokaa, ile ile iliyojenga nyumba za Lamu, na kazi yake kikemia ni ya jinsi moja. Changanya gramu 2 za chokaa katika lita moja ya maji safi, tikisa, acha ilale usiku kucha, kisha mimina maji maangavu ya juu bila kuvuruga mashapo. Hayo ndiyo maji ya kupimia, yanageuka kama maziwa yakikutana na pumzi.

Kichujio ni chupa ya nusu lita iliyokatwa kitako, yenye pamba mdomoni, ikajazwa chokaa yenye unyevu kidogo iliyochanganywa na maranda ya seremala, sehemu moja ya chokaa kwa mbili za maranda. Bila maranda unga unashikamana na hewa haipiti. Bila unyevu chokaa inafanya kazi polepole mno. Mwanafunzi apulize puto, alifunge kwenye neli nyembamba ya mpira, aiache pumzi ipite kichujioni na kuingia kwenye mililita 100 za maji ya kupimia, huku mwenzake akishika saa. Asipulize kichujio kwa mdomo kamwe, na wote wavae miwani ya kukinga macho, kwa kuwa chokaa huunguza.

Majaribio haya yakikataa, mara nyingi mkosaji ni mfuko wa chokaa uliokaa wazi stoo. Umeshanasa kabonidayoksaidi ya hewani na kugeuka kuwa kitu kile kile kilichokuwa jiwe la matumbawe kabla ya kuchomwa. Dondoshea ndimu: ikitoa povu, imekufa. Usiitupe. Tengeneza nayo kichujio cha pili kinachofanana na kile kizima, umekwisha kupata hitilafu ya dakika ya 12, tutakayoieleza chini. Wachemshe vichwa pia kwa hesabu: kunasa kilo 1 ya kabonidayoksaidi kunataka kilo 1.7 za chokaa au kilo 1.1 za lithiamu haidroksaidi. Mtoto aliyeshajua kwamba kila gramu inalipiwa kupanda juu hahitaji kuambiwa kwa nini hawakubeba chokaa.

Afya na uchunguzi hazina ugumu. Mapigo ya moyo yahesabiwe kila dakika 5 kwa sekunde 30, kisha yazidishwe kwa mbili. Na katoni yenye mikono ya glavu za mpira ambamo mawe sita yanachambuliwa, yanapimwa kwa mizani ya jikoni na kuelezwa kwa sauti ili aliye ardhini ayatambue bila kuyaona.

Kila kituo kina kadi za hatua zisizozidi kumi, kila hatua tendo moja, na kando yake namba inayotarajiwa na kipimo chake. Kipimo kisikosekane. Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazipokea kama nyutoni. Lugha ya kadi iwe Kiswahili, lakini tahadharini na mitego yake miwili. Wa kwanza ni nne na nane. Kwenye waya wenye mkwaruzo hazitofautiki. Namba zisomwe tarakimu moja moja, aliyepokea azirudie zote, na mtumaji aseme "ndiyo" kabla ya mtu kugusa swichi. Madarasa mengine yatajitungia dawa, kama kuivuta nane ndefu. Waachwe wajitungie, mradi waiandike.

Mtego wa pili ni saa. Saa nne asubuhi kwa Kiswahili ni 10:00 kwenye simu ya mwanafunzi na 07:00 kwenye jedwali la setilaiti, ambalo hufuata saa ya dunia, tatu nyuma ya yetu. Darasa moja, saa tatu tofauti. Dawa ni saa ya safari: wakati wa kuondoka ni 00:00, na kuanzia hapo hakuna anayetaja asubuhi wala jioni. Tovuti na programu za kuonyesha setilaiti itapita lini zikitumika baadaye kwa saa ya dunia, kumbukeni kuongeza 3, la sivyo shule nzima itasimama uwanjani ikitazama anga tupu.

Hitilafu zipangwe na mwalimu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, zisizidi tatu kwa safari. Ya dakika ya 6 itatuliwe kwa kadi, sauti ikiwepo. Ya 12, kichujio kilichokufa, iwakute kimya na gizani, ampea zimebana. Ya 20 iwe ya uongo: kipimo kinachosema hatari wakati kila kingine ni salama, ili walazimike kulinganisha namba na ardhini kabla ya kuchukua hatua. Wakiwa tayari wamezama kwenye tatizo moja, ahirisha linalofuata. Saa isisimamishwe. Na mwalimu asinong'one. Atatamani sana kunong'ona.

Anayeona huu ni mchezo akumbuke Julai 1969. Siku chache kabla ya Apollo 11 kuondoka, watayarishaji wa mazoezi kule Houston waliwatupia waongozaji alamu ya kompyuta ambayo hawakuijua. Steve Bales, msimamizi wa mwongozo, akaamua kutua kusitishwe. Akaambiwa amekosea, chombo kilikuwa na uwezo wa kuendelea. Jack Garman, mhandisi wa kompyuta, akatwishwa kazi ya kuorodhesha kila alamu na la kufanya. Tarehe 20, chombo kikiwa kinashuka Mwezini, alamu 1202 ikalia kweli, orodha ikiwa karibu, nao wakaruhusu kutua.

Kwenye mjadala weka daftari mbili za kumbukumbu kando kwa kando, la chomboni na la ardhini, na mtafute mstari wa kwanza ambapo hayalingani. Msitafute mshindi. Mara nyingi mstari huo uko dakika tano kabla ya hitilafu yenyewe, na mara nyingi ni namba iliyopokelewa bila kurudiwa.

Baada ya hapo kompyuta ina nafasi yake, na programu za bure zipo tele. Stellarium inaonyesha anga ya Malindi ya usiku wowote. Orbiter inafundisha kwa nini ukitaka kumkuta aliye mbele yako kwenye mzingo, ukiongeza mwendo unapanda juu na kuzidi kuachwa. Mwigo wa SpaceX, kampuni ya roketi ya Marekani, wa kukiunga chombo na kituo cha kimataifa cha anga unafunguka kwenye kivinjari, na unakataa namba zozote za kukaribia zisizoshuka chini ya 0.2, mtoto mwenye haraka atagonga mara tano. Kituo hicho chenyewe, wanaanga wake wakizungumza na shule kwa redio, kinasikika kwenye megahezi 145.800 kwa kipokezi cha kawaida cha masafa hayo na antena ya waya wima wa sentimita 49. Kusikiliza ndiyo shughuli ya shule. Kurusha kunataka leseni ya redio ya ridhaa.

Kaunti au hazina ya eneobunge ikitangaza zabuni ya vifaa vya anga kwa shule, tunaomba hati iongezewe maswali mawili. Muuzaji aeleze, katika dakika 80 na wanafunzi 40, kila mmoja atafanya maamuzi mangapi kwa mkono wake. Na stima ikipotea dakika ya 12, kipi kati ya alivyoviuza kitaendelea kufanya kazi.

Walimu wa fizikia na kemia,
Kilifi.